Mgongo Ulipinda Lini? Mwongozo kwa Aliyepata Ajali ya Gari

Mama yangu ndiye aliyeona kwanza. Nilikuwa nimeinama kwenye karai nikifua, wiki ya tatu tangu matatu ilipoligonga gari langu kwa nyuma kwenye Barabara ya Waiyaki, na akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni: "Hebu simama wima nikuone." Nikasimama. Akapitisha kidole kwenye uti wa mgongo wangu kuanzia shingoni, polepole, kama fundi anayefuata mshono wa nguo. Kilipofika katikati kikahepa kulia. "Umepinda," akasema. "Ile matatu imekupinda."

Ikiwa nawe umeambiwa hivyo, au umejitazama kwenye kioo baada ya ajali ukaona bega moja limeshuka, mwongozo huu ni wako. Nimeuandika nikiwaza hasa watu wanaoishi au kufanya kazi Westlands, Parklands na Kangemi, wanaopita kila siku chini ya nguzo za Expressway, mahali ambapo magari hukimbia kwa dakika mbili kisha yakasimama ghafla yote kwa pamoja. Hapo ndipo nilipogongwa mimi, kabla tu ya makutano ya James Gichuru, jioni, nikiwa nimesimama kabisa.

Jibu lenyewe ni hili. Ndiyo, ajali ya gari inaweza kupinda uti wa mgongo. Lakini huupinda kwa njia chache zinazojulikana, na kila njia huacha alama yake mwilini na kwenye picha ya eksirei. Ule mpindo mrefu wa kwenda upande, wenye umbo la herufi S, ambao watu wengi huugundua baada ya ajali, mara nyingi ulikuwepo miaka mingi kabla ya gari kukugonga. Kwa hiyo swali la kumpelekea daktari ni hili: mgongo wangu ulipinda lini, na nini kiliupinda? Majibu tofauti yana matibabu tofauti. Yana fidia tofauti pia, lakini hilo lije baadaye.

Uti wa mgongo una pingili 33: 7 za shingo, 12 za kifuani zinazoshika mbavu, 5 za kiunoni, kisha 5 zilizoungana na 4 za kifandugu. Ukitazamwa kutoka ubavuni si fimbo iliyonyooka. Shingo na kiuno huingia ndani kidogo, kifua hutoka nje kidogo, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Ukitazamwa kutoka nyuma ndipo unapaswa kuwa mstari mmoja. Ukienda upande kwa digrii 10 au zaidi, huku pingili zikiwa zimejizungusha kidogo, madaktari huita hali hiyo skoliosisi. Pembe hiyo hupimwa kwa mistari miwili inayochorwa juu ya picha, namna aliyoieleza daktari Mmarekani John Cobb mwaka 1948, na mpaka leo huitwa pembe ya Cobb. Ukiinama mbele kupita kiasi, hicho ni kibiongo.

Shika tofauti hiyo, kwa sababu ajali ikipinda mgongo, kwa kawaida huupinda kuelekea mbele zaidi kuliko upande.

Pingili inapogeuka kabari

Gari likisimama ghafla, mwili wako bado unakwenda. Kifua hutupwa mbele na mgongo hujikunja, na nguvu yote hukusanyika mahali pamoja: pingili za mwisho za kifuani na zile za kwanza za kiunoni. Juu ya hapo mgongo umeshikwa na mbavu kama pipa lililofungwa pete. Chini yake unacheza kwa uhuru. Mahali kigumu kinapokutana na kilegevu ndipo panapovunjika. Pingili hubondeka upande wa mbele, nyuma ikabaki na kimo chake, na kitu kilichokuwa kama tofali kikawa kama kabari. Weka kabari moja katikati ya safu ya matofali uone ukuta unavyoegemea. Ikibondeka upande wa kushoto au wa kulia, ukuta utaegemea huko, na hapo utapata mpindo wa upande, lakini mfupi, wenye kona iliyo pale pale penye mfupa uliovunjika.

Kuna mvunjiko mwingine ambao kila abiria wa matatu anapaswa kuufahamu. Mwaka 1948 daktari wa picha wa Uingereza, George Quentin Chance, alieleza pingili inayopasuka kuanzia nyuma kuelekea mbele, kama kipande cha ukuni kilichokunjwa gotini. Baadaye ilionekana wazi kwamba mkanda unaopita kiunoni peke yake husababisha jambo hilo: nyonga hushikwa, kifua hukunjika juu ya mkanda, na pingili hufunguka kwa nyuma. Mara nyingi huandamana na jeraha la utumbo. Ile mikanda ya matatu iliyokuja kwa nguvu na sheria za waziri John Michuki mwaka 2004 imewaokoa wengi, lakini mingi ya abiria ni ya kiunoni tu. Mkanda wa pointi tatu, unaopita begani na kiunoni, aliubuni Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, nao hushika kifua pia. Endelea kufunga hata ule wa kiunoni, maana kutupwa nje ya gari ni kubaya zaidi. Ila uteremshe ukae juu ya mifupa ya nyonga, ukiwa umekaza, usiuache juu ya tumbo. Na ukitoka kwenye ajali ukiwa na mstari wa bluu au mwekundu tumboni mahali mkanda ulipokaa, usiende nyumbani. Mstari huo ni sababu tosha ya kupigwa picha ya mgongo na kuchunguzwa tumbo, hata kama unatembea.

Nilipokuwa nikienda kwenye mazoezi ya kutibu mgongo nilizoeana na kijana mmoja fundi wa vyuma. Alikuwa ameketi kiti cha katikati cha matatu iliyoingia nyuma ya lori. Hospitali ya kwanza walimgusa mgongo juu ya shati, wakamwambia ni misuli, wakampa vidonge. Hakupigwa picha. Akarudi kuinua vyuma. Mwezi wa tatu mkewe akamwambia fulana zimeanza kumpanda nyuma na kuning'inia mbele. Picha ilipopigwa hatimaye, pingili yake ya kwanza ya kiunoni ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya kimo chake upande wa mbele. Nilimwona akivua fulana ili afungwe mkanda mgumu wa plastiki: pale juu ya kiuno palikuwa na kifundo, kama fundo la kidole ukikunja ngumi. Kile kingeweza kuonekana siku ya kwanza.

Pingili pia inaweza kuporomoka polepole. Mwaka 1891 Hermann Kümmell, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, alieleza wagonjwa walioumia kidogo, wakapata nafuu, kisha wiki au miezi baadaye maumivu yakarudi na mgongo ukainama. Mfupa ulikuwa umekosa damu ndani na kufa taratibu. Hali hii huwapata zaidi wazee na wenye mifupa dhaifu, wakiwemo akina mama waliokoma hedhi na watu waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Kama mama yako alikuwa kwenye gari na "hakuumia sana", mtazame mwezi wa pili na wa tatu kwa makini kuliko wiki ya kwanza.

Mpindo wa misuli, na mpindo wa mguu

Hii ndiyo sehemu ya ajali iliyonipata mimi, na huwapata wengi wanaogongwa kwa nyuma kwenye msongamano. Kichwa hurushwa nyuma kisha mbele, misuli ya shingo na mgongo huvutwa, nayo hujihami kwa kukakamaa. Ikikakamaa zaidi upande mmoja, mwili mzima huegemea. Bega hushuka, nyonga hutoka, na ukipigwa picha siku hiyo mgongo utaonekana umekwenda upande. Pingili hazijajizungusha na mfupa haujabadilika. Misuli ikilegea, mgongo hurudi, kwa kawaida katika wiki chache.

Ripoti ya picha ya shingo nayo huwatisha watu bure. Utasoma kwamba mkunjo wa kawaida wa shingo "umenyooka". Jambo hilo hutokea misuli ikikaza, lakini huonekana pia kwa watu wazima wengi ambao hawajawahi kupata ajali yoyote, na hata namna ulivyoshika kidevu wakati wa kupigwa picha inaweza kulileta. Peke yake si jeraha.

Kuna jaribio dogo unaloweza kufanyiwa nyumbani, mradi daktari amekwisha kuhakikisha hakuna kilichovunjika. Simama bila shati, miguu pamoja, magoti yamenyooka, viganja vikiwa vimekutana, kisha inama mbele taratibu kama unayetafuta sarafu sakafuni. Mtu akae nyuma yako, macho yake yawe usawa wa mgongo wako. Mbavu za upande mmoja zikiinuka juu kuliko za upande wa pili, kama mgongo wa kobe ulioinama, pingili zimejizungusha, na hiyo ni dalili ya skoliosisi ya kweli. Pande zote zikilingana, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni misuli au mguu. Daktari Mwingereza William Adams ndiye aliyeeleza kipimo hiki mwaka 1865, na bado wauguzi wa shule hukitumia sehemu nyingi za dunia.

Kuhusu mguu: waliovunjika paja au fupanyonga, hasa kwenye bodaboda, wakati mwingine hupona wakiwa na mguu mmoja mfupi. Nyonga huinama upande huo na mgongo hujipinda ili kichwa kibaki katikati. Keti kwenye kiti kigumu. Mgongo ukinyooka ukiwa umeketi, tatizo liko mguuni, na soli iliyoongezwa kwenye kiatu inaweza kufanya kazi ambayo mkanda wa mgongo hautaifanya kamwe.

Watoto ni habari nyingine. Mtoto aliyeumia ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo, akapooza kabla ya ule wakati wa kurefuka haraka, karibu bila shaka atapata skoliosisi miaka inayofuata, kwa sababu misuli haiushiki tena mgongo unaokua. Hapo ajali ndiyo chanzo hata kama mpindo umechelewa miaka minne. Mzazi wa mtoto kama huyo asikubali kliniki ikome majeraha yakipona. Mgongo ufuatiliwe mpaka mtoto amalize kukua. Jua pia kwamba kwa watoto ugwe unaweza kuumia wakati eksirei haionyeshi mfupa wowote uliovunjika. Mtoto akisema miguu inawaka au imekufa ganzi, muamini kuliko picha.

Yale ambayo gari haliwezi kufanya

Sasa nirudi kwenye kidole cha mama. Skoliosisi nyingi, kiasi cha nne kwa kila tano, hazina chanzo kinachojulikana. Huanza kati ya miaka 10 na 18, mtoto anaporefuka, na zinazozidi kuwa kubwa ni zaidi za wasichana. Hazina maumivu mengi. Msichana hukua, huvaa sare, huzaa, hufanya kazi, na hakuna aliyewahi kumtazama mgongo kutoka nyuma. Kisha anapata ajali, anapigwa picha kwa mara ya kwanza maishani, na mpindo unaonekana. Kwa yeyote aliye chumbani siku hiyo, ni ajali imeuleta. Gari halina namna ya kujenga mpindo mrefu laini wa pingili saba au nane zilizojizungusha pamoja, mbavu zikiwa zimefuata. Huo ni ufundi wa miaka ya kukua.

Daktari aliyenitibu Parklands alitumia dakika kumi kunionyesha. Alibandika picha kwenye kioo chenye taa, akachora kwa penseli mstari juu ya pingili ya juu kabisa ya mpindo, mwingine chini ya ile ya mwisho, akapima: digrii 16. Kisha akaniuliza kama niliwahi kupigwa picha ya kifua. Niliwahi. Miaka sita kabla, kazi fulani ilitaka cheti cha afya, na bahasha ya kahawia ilikuwa bado juu ya kabati. Nilipoirudisha kesho yake, aliibandika kando ya ile mpya. Nyuma ya kivuli cha moyo, uti wa mgongo ulikuwa unahepa kulia, pale pale. 14. "Tofauti ya digrii mbili iko ndani ya kosa la kupima," akasema. "Huu umezeeka nao, mama."

Sikumpenda siku hiyo. Nilitaka kuambiwa kwamba ni ile matatu. Lakini alikuwa amenipa kitu ambacho vidonge havikunipa. Mpindo chini ya digrii 30 kwa mtu mzima ni nadra kuzidi, kwa hiyo sikuwa na haja ya kuogopa upasuaji wala kukonda usiku. Kilichokuwa kipya kwangu ni misuli na bega, na hivyo vilikuwa na dawa.

Ikiwa una picha ya zamani ya kifua, itafute leo. Picha ya kawaida ya kifua hupigwa mtu akiwa amesimama, na ndani yake zimo pingili zako zote za kifuani. Waliopimwa kwenda kufanya kazi Ghuba wanayo. Waliowahi kuombwa cheti cha visa, waliochunguzwa kifua kikuu, waliolazwa kwa nimonia, wanayo. Kama bahasha imepotea, ulizia hospitali; nyingi za Nairobi sasa huhifadhi picha kwenye kompyuta, nao watakuchapia au kukutumia.

Na kwa kuwa nimetaja kifua kikuu: ugonjwa huu huingia pia kwenye mifupa ya mgongo, na ndio uliopinda migongo mingi tunayoiita kibiongo hapa kwetu. Percivall Pott wa London alieleza hali hiyo tangu 1779. Hula pingili kwa mbele, nayo huporomoka kuwa kabari, sawa na ile ya ajali. Mtu anaweza kuwa nayo bila kukohoa hata mara moja, na mtikiso mdogo wa gari ukamaliza kazi iliyoanza kimya kimya. Maumivu yakikuamsha usiku, ukipata homa za jioni, jasho la usiku, au nguo zikianza kukupwaya, mwambie daktari hata kama una uhakika ni ajali. Dawa za kifua kikuu ni bure katika hospitali za umma, na mgongo uliowahiwa hauhitaji kupinda.

Pale barabarani, na usiku ule wa kwanza

Nairobi tuna huruma ya haraka mno. Gari likibingirika Museum Hill, kabla vumbi halijatulia kuna watu sita wamemshika aliyeumia mikono na miguu, wanamwingiza kwenye pikapu akiwa amekunjika kama gunia. Pingili iliyovunjika lakini haijagusa neva inaweza kuzigusa pale. Kama hakuna moto wala hatari ya kugongwa tena, mwache alipo. Mtu mmoja ashike kichwa kwa viganja viwili kiwe sawa na kifua, mwingine asimamishe magari, wa tatu apige 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Ikibidi kumgeuza, ageuzwe kama gogo: kichwa, mabega na nyonga kwa pamoja, kwa hesabu ya mtu mmoja. Kofia ya mwendesha bodaboda usiivue isipokuwa hawezi kupumua.

Ukiwa ndiwe uliyeumia, jisikilize. Miguu inapokuwa mizito, ganzi ikishika sehemu za siri na mapaja kwa ndani, mkojo ukikataa kutoka au ukitoka bila habari, hiyo ni dharura ya saa, haingoji asubuhi. Katiba yetu, Ibara ya 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Itaje kwa sauti kwenye mapokezi wakianza na habari ya amana. Kutoka Westlands hospitali zilizo karibu ni Aga Khan na MP Shah kule Parklands. Kenyatta iko upande wa pili wa mji, na hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo iko Barabara ya Lenana, ambako mgonjwa kwa kawaida hupelekwa kwa rufaa.

Mbele ya daktari usiseme tu "mgongo unauma". Mwambie uligongwa upande gani, ulikuwa umeketi kiti gani, mkanda ulikuwa wa aina gani, na kama kichwa kiligonga kitu. Vua shati. Omba abonyeze pingili moja moja katikati. Maumivu yaliyo juu ya mfupa wenyewe yanataka picha; yaliyo pembeni, kwenye misuli, mara nyingi hayahitaji. Eksirei ikiwa safi lakini mfupa bado unauma sana, uliza kuhusu skani ya CT, ambayo huona mivunjiko ambayo eksirei huikosa. MRI ni ya neva, diski na kano.

Hapa kuna jambo linalosahaulika. Usiku wa ajali utapigwa picha umelala, na ni sawa, kwa usalama wako. Lakini ukilala uzito unaondoka, na pingili iliyobondeka hujificha. Daktari akikubali usimame, omba picha nyingine ya kusimama, kutoka mbele na kutoka ubavuni. Ukiwa na mvunjiko unaotibiwa kwa mkanda, picha hiyo irudiwe baada ya wiki chache na tena karibu na mwezi wa tatu. Pembe isipobadilika, mfupa unashika. Ikiongezeka, afadhali upasuaji ujadiliwe sasa kuliko baada ya mfupa kuunga ukiwa umepinda, maana kunyoosha mgongo ulioungana vibaya ni kazi kubwa na ya hatari zaidi. Kijana fundi wa vyuma alilijua hilo akiwa amechelewa.

Kwa mpigapicha vua viatu, usiegemee ukuta, usijinyooshe ili upendeze. "Simama unavyosimama ukingoja matatu, mama," aliniambia yule kijana wa eksirei, na sijasikia maelekezo bora zaidi.

Karatasi

Sheria ya Trafiki inataka ajali yenye majeruhi iripotiwe polisi ndani ya saa 24. Kwa upande wetu wengi huenda Kituo cha Parklands. Chukua namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo, kisha ufuatilie abstrakti ya polisi na fomu ya P3, ambayo daktari hujaza sehemu yake. Una miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi ya madai. Gari likiwa la serikali una miezi 12 tu. Bima ya lazima hulipa mpaka shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja, na kinachozidi hapo unamdai mwenye gari mwenyewe.

Kuna watu watakaokuja kitandani kwako na kadi ya wakili kabla ya muuguzi. Na kuna atakayekunong'oneza kwamba ule mpindo wako wa utotoni uingizwe kwenye ripoti kama jeraha. Ukatae. Kampuni ya bima itakupeleka kwa daktari wake, naye anajua kutofautisha mpindo mrefu uliojizungusha na kabari mpya. Akishaukamata uongo huo mmoja, hata shingo yako iliyoumia kweli haitaaminiwa. Lakini pia usikubali kinyume chake, kwamba kwa kuwa ulikuwa umepinda hudai chochote. Sheria humchukua aliyeumia kama alivyo. Ikiwa ulikuwa na mpindo usiouma, ukafanya kazi zako zote, na ajali ikauamsha ukaanza kuuma, nyongeza hiyo ya maumivu ni ya aliyekugonga. Ndiyo maana picha ya zamani ni rafiki yako hata inapokupinga: inaonyesha ulivyokuwa, na kila kilichozidi hapo kinahesabika.

Miezi inayofuata

Usikandwe kabla ya picha. Najua bibi wa jirani ana mikono mizuri, na Westlands kuna vyumba vya kila aina vinavyoahidi kunyoosha mgongo kwa kuualisha. Mfupa uliovunjika hauna simile. Mkono wenye nguvu unaweza kuusukuma kwenye neva. Daktari akishasema mifupa ni mizima, kukandwa taratibu na maji ya moto huleta nafuu ya misuli, basi. Hakuna mkono unaonyoosha skoliosisi ya mtu mzima, wala ile mikanda ya mabega inayouzwa kando ya barabara.

Ikiwa ni misuli, usilale wiki nzima. Siku moja au mbili za kupumzika zinatosha, kisha tembea, hata kama ni kutoka mlangoni mpaka getini na kurudi. Mtaalamu wa viungo atakupa mazoezi. Ya kwangu yalikuwa matano, dakika ishirini asubuhi, na nilichukia lile la kulala kifudifudi kuinua mkono na mguu kinyume. Wiki ya sita bega lilikuwa limerudi. Mama alipitisha kidole chake tena. Kilihepa kulia, mahali pale pale, na kwa mara ya kwanza akaniuliza kama hata shangazi yangu hakuwa hivyo. Kumbe alikuwa hivyo.

Jipige picha ya simu. Mtu asimame hatua tatu nyuma yako, wewe bila shati, mwanga ukitoka dirishani, simu ikiwa usawa wa kiuno chako. Moja umesimama, moja kutoka ubavuni, moja umeinama. Zipige wiki hii, mwezi ujao, mwezi wa tatu na wa sita, mahali pale pale na mtu yule yule, na uzipeleke kila unapokwenda kliniki. Ukiona kifundo ambacho hakikuwepo kwenye picha ya mwanzo, au fulana inaanza kukupanda nyuma, rudi ukapigwe eksirei ya kusimama, hata kama ulishaambiwa umepona.